Feni ya Gari la Binti

Kati ya kibanda changu cha cherehani na gereji ya Mzee Boneti kuna ukuta wa mabati wenye matundu ya misumari, kwa hiyo asinilaumu mtu kwa kusikia. Jina hilo tulimpa sisi majirani, kwa kuwa kichwa chake kiko chini ya boneti tangu asubuhi mpaka giza liingie. Tangu mkewe afariki, anakula gerejini, anasinzia gerejini, na nyumba yake pale nyuma ya uwanja anaingia kulala tu, kama mpangaji. Ukimsalimia anajibu vizuri. Ukimuuliza habari za nyumbani, anaanza kutafuta spana.

Ana mtoto mmoja, binti, mwalimu katika mji wa jirani. Binti hupiga simu kila wiki, na mimi hupata upande mmoja wa mazungumzo. "Nipo. Nimekula. Uje kufanya nini? Gari lina nini? Kama halina kitu, usichome mafuta bure, mwanangu." Simu inakatwa, kisha nyundo inaanza kugonga chuma kisicho na kosa. Mara ngapi nimetamani kumrushia mkasi! Mtu anakufa kwa upweke, na bado anamfukuza mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe.

Juzi gari la binti likaingia uwanjani.

"Shikamoo, baba. Linachemsha. Angalia mshale ulipofika."

"Marahaba. Zima haraka. Na usiguse kifuniko cha rejeta, kitakubabua."

Nawaambia kweli, uso wa mzee ulichangamka. Akavuta kigoda, wakakaa kungoja injini ipoe, yeye akimhoji kama daktari: linavuja? Linatoa moshi mweupe? Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu msiba. Ilipopoa, akafungua kifuniko kwa kitambaa. Maji yamejaa. Akaminya mipira ya maji, mizima. Akachomoa kijiti cha oili, hakuna povu, maana yake maji na oili havijachanganyika.

"Linapanda ukiwa kwenye mwendo au ukisimama?"

"Nikisimama. Nikiondoka linashuka."

"Basi ni feni hiyo. Ukikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Ukisimama, kazi yote ni ya feni."

Akaingiza mkono ndani, akapapasa, kisha akainama zaidi. Niliacha suruali ya mteja kwenye sindano nikasogeza jicho kwenye tundu. Alikuwa ameshika plagi ya feni. Haikuungua wala haikukatika. Ilikuwa imechomolewa, na plagi ile haichomoki mpaka mtu aibonyeze kwa kidole gumba. Tena waya wake ulikuwa umevutwa mbali na mapanga ya feni, ukafungwa vizuri kando ya betri ili usije ukanaswa. Mharibifu gani huyo mwenye adabu za kazi? Fundo lenyewe lilikuwa lile ambalo mzee hufungia kila kitu pale gerejini.

"Nani amechomoa hii?"

Binti akaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza wewe! Unajua ungeunguza gasketi? Silinda hedi ingepinda, ungekwama njiani peke yako, nani angekusaidia?"

"Halikuchemka njiani, baba. Nimechomoa hapo kona tu, nikaliacha linanguruma mpaka mshale ukapanda. Nilikuwa nauangalia."

"Sasa wazimu gani huo?"

"Lingekuwa zima ungenirudisha."

Mzee akachomeka plagi, ikalia ta! Akawasha injini. Baada ya muda feni ikaanza kuvuma, mshale ukashuka mpaka katikati ukatulia. Kazi imekwisha. Lakini mzee hakufunga boneti. Akavuta mkanda kuona kama umelegea. Haukulegea. Akafuta betri iliyokwisha kuwa safi. Akachungulia maji aliyoyachungulia tayari. Kisha akakosa cha kushika, akabaki amesimama na kitambaa mkononi, na mimi mwenye mdomo wangu wote nikaona aibu kuchungulia, ingawa sikuacha.

"Baba," binti akasema, "ningekwambia nataka kukuona tu, basi, ungenikatalia?"

"Ningekukatalia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jioni ungeondoka." Alisema hivyo akiiangalia injini. "Nikiwa peke yangu nazoea, mama. Ukija ukaondoka, naanza kuzoea upya."

Machozi yalinitoka, na siyasingizii mafuta ya cherehani. Binti alimshika mkono ule wa grisi wakaingia ndani ya nyumba, na dirisha la jikoni likafunguliwa. Nikasikia sufuria zikisuguliwa, na binti akiuliza chumvi iko wapi, na mzee akisema hajui.

Jioni aliondoka, maana kuna watoto wa watu wanamngoja darasani. Gari liliwaka mara moja, likatoka getini bila kukohoa, likapita kona bila kusimama. Mzee Boneti alibaki pale getini mpaka mlio wake ukapotea, akiutukana ufundi wake.