Umri wa Radhamés Phipps

Radhamés Phipps alizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza na mama yake, katika kambi ya wakata miwa nje ya San Pedro. Mara ya pili na Don Fausto Cedano, msaka vipaji, aliyemwona kijana wa miaka ishirini akipiga mipira ya besiboli hadi ikavuka paa la kiwanda cha sukari, akasikitika.

"Wamarekani hawasajili wazee, mwanangu. Mdogo wako ana kumi na saba. Chukua cheti chake."

Akachukua. Nusu ya wachezaji wa mtaa wetu waliwahi kuwa wadogo zao. Akasajiliwa, akavuka bahari. Baada ya miaka miwili Don Fausto akahitaji nafasi ile kwa kijana mwingine; dhamiri ikamshika ghafla, akaenda kuwaambia Wamarekani kwamba cheti si chake. Radhamés akarudishwa na begi moja.

Akacheza ligi ya nyumbani misimu kumi na saba. Fausto akawa kocha wa wapinzani. Kwa timu nyingine Radhamés alikuwa na mchezo. Kwa Fausto alikuwa na kesi. Timu ya Fausto peke yake aliipigia mipira arobaini nje ya ukuta. Mashabiki wao walimwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa kila alipoingia: "Babu, keki iko wapi?" Yeye alitaka jambo moja tu: Fausto autaje umri wake wa kweli kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Zamu yake ya mwisho, mechi ya mwisho, Fausto akainua vidole vinne: arushiwe mipira minne mbali na gongo, apewe kituo cha kwanza bure, asipige. Mrushaji akatupa miwili mbali kabisa. Wa tatu ukasogea shibiri moja ndani. Radhamés akajinyoosha, akaupiga. Ukavuka ukuta.

Kwetu, mpira ukivuka ukuta, mpigaji huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa, na kukimbia ni unyenyekevu. Alizunguka vituo kama anayesindikiza jeneza la adui. Hatua moja kabla ya kile cha nyumbani, ambacho asipokikanyaga mchezo hauendelei, akasimama.

"Don Fausto, nina miaka mingapi?"

"Kanyaga kituo, mpumbavu!"

"Sina haraka, mzee wangu. Mingapi?"

Mwamuzi akatazama saa. "Fausto, mjibu bwana, wali wangu unapoa."

"Thelathini na tisa! Ulikuwa na ishirini siku ile ya cheti, shetani wewe, na nilijua!"

Uwanja mzima ukaanza kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, safari hii ukimtazama Fausto.

Radhamés akakanyaga kituo taratibu, kama anayezima sigara.