Kichaka cha Wifi Yangu

Mie nilikuwa fundi wa kufagia. Ua wa mbele wa kanisa letu, kule upande wa Mukuju, niliupiga fagio kila Jumamosi mpaka udongo ukang'aa. Kwetu ua wenye nyasi ni aibu. Watu husema mwenyewe amekufa au ni mvivu. Basi mzee wa kanisa alipomgawia wifi yangu, mke wa kaka yangu, ua wa nyuma penye makaburi ya makatekista wa zamani, nilijua nitamshinda.

Ati akaacha kufyeka! Alikata kanjia kembamba tu, nyasi zikafika kiunoni. Nilimcheka waziwazi. Halafu wakaja vipepeo, wakaja nyuki na kware, na kanga akataga mayai kando ya kaburi. Wifi akakataza mtu yeyote asiyale, na watu, wale wale ninaowajua kwa ulafi, wakamtii. Padre alipotutembelea alipita kwenye ua wangu kama anapita barabarani, akaenda kusimama kwenye nyasi za mwenzangu na kuwafundisha watoto habari za uumbaji. Nikangoja mgema asifiwe atie tembo maji. Hakutia. Wivu uliniwasha kama upupu, na sioni haya kusema hivyo sasa.

Miaka hiyo ya utawala wa jeshi, magendo ya kahawa kwenda ng'ambo ya mpaka yalikuwa jambo la kufa mtu. Siku moja chifu alinikuta nikifagia, akasifu usafi wangu. Sifa moja tu, nikalewa. Nikamwambia kwamba huku mbele ni pasafi, lakini nyuma kuna kichaka. Ningeweza kusema nyasi. Nilisema kichaka, na nilijua kwetu mpakani neno hilo watu wanalisikiaje: mahali pa kufichia magunia.

Kesho yake wakaja askari watatu, wakatukuta wanawake tumekusanyika kwa kazi ya kanisa. Mmoja akauliza, "Kichaka hii ya nani?"

Mie nikainamia fagio langu. Wifi akasema, "Yangu, afande."

Walichomachoma singe kwenye nyasi wakitafuta kahawa, hawakupata hata punje. Kwa hasira wakamchapa wifi fimbo mbili za mgongo, kisha wakatuamuru tufyeke yote mpaka udongo uonekane. Wifi aliomba kitu kimoja tu, waache ile kona ya kanga mpaka mayai yaanguliwe. Askari akayakusanya kwenye kofia yake, akaondoka nayo. Mie nilifyeka kwa kasi kuliko wote, ili nisimtazame.

Tulipomaliza, ua wa nyuma ulikuwa mweupe kama wangu. Wenzetu wakaenda zao. Wifi alikaa chini kwa taabu kwa ajili ya ule mgongo, nami nikakaa karibu naye. Nilitaka kumwambia. Akanitangulia.

"Wifi," akasema, "wewe uko hapa kanisani kila wiki. Huyo aliyewaambia, muombee. Mie nimeshamsamehe."

Mwingine angelia. Mie nikamwonea wivu tena. Yeye ameweza kumsamehe mtu bila hata kujua ni nani, na mie ninayemjua, mpaka leo nimeshindwa.