Gauni la Kuchanwa

Kazini walimwita Fundi Chakavu, na jina hilo halikumuudhi. Mafundi wengine hushona nguo ipendeze. Yeye alichukua nguo iliyotoka cherehani asubuhi, akaisugua kwa msasa, akaichemsha na majani ya chai, na jioni ungeapa kuna mtu ameivaa nusu ya maisha yake. Filamu za mambo ya kale ndizo zilizompa ugali wake, na ndizo zilizomgombanisha na waongozaji wote.

Mwongozaji wa safari hii alikuwa mgonjwa wa vitu vya kumetameta. Filamu yake ilihusu mgomo wa kiwandani enzi za mabibi zao, naye alitaka kila mfanyakazi avae mtindo wa mwaka uleule wa mgomo.

"Nani alikuwa na hela ya kwenda na wakati?" Fundi alimuuliza. "Maskini wa mwaka ule alivaa nguo ya zamani, tena ya kuachiwa. Na huyo mama shujaa wako ukimvika jekundu, watu watatazama gauni, yeye hawatamwona."

"Haya, nionyeshe unalotaka wewe."

Hapo ndipo alipojiponza. Alikwenda kwa dada yake mkubwa kuazima gauni la marehemu mama yao, la buluu iliyopauka, kitu pekee cha mama kilichobaki. Dada ndiye aliyemuuguza mama, peke yake, huku Fundi akizunguka na masanduku ya filamu. Hata mazishini alifika watu wameshatawanyika. Tangu hapo walisalimiana kwa adabu tu, na adabu ya dada ilikuwa inauma kuliko matusi.

Dada alilitoa kwa shingo upande. "Likipotea hili, mdogo wangu, usinijue tena."

"Nitalitunza kama mboni ya jicho, dada."

Akashona nakala zake, maana katika filamu gauni la mhusika haliwi moja: kuna la kawaida, kuna la matope, kuna la kuchanwa. Ndani ya pindo la kila nakala alitia uzi mwekundu uwe alama. Mpiga picha akalalamika kwamba uzi unaonekana mwigizaji akikimbia, basi Fundi akaufumua mwenyewe. Gauni la mama akaliacha likining'inia pamoja na nakala, la kulinganishia rangi. Akajisifu moyoni kwamba hakuna mtu wa kuyatofautisha. Ni kweli, hakuwepo, na yeye akiwemo.

Siku ya kupiga tukio la kukamatwa, jua lilikuwa linawakimbia na mwongozaji anabwata. Fundi akachomoa gauni la kuchanwa, akamvika mwigizaji haraka haraka. Askari wa kuigiza akashika kola, akavuta.

Nguo mpya, hata uichakaze vipi, huchanika kwa ubishi, na utaisikia. Hili liliachia kimya kimya, toka shingoni hadi kiunoni. Fundi akajua palepale.

"Safi!" mwongozaji akapiga makofi. "Mmeuona uhalisia huo? Haturudii!"

Alijaribu kulishona. Kitambaa kilikatika kila sindano ilipopita, kikawa kinazidi kuharibika mikononi mwa mtu aliyejidai bingwa. Mwisho akachagua nakala iliyo bora, akaikunja vizuri, akaipeleka kwa dada. Njiani alipanga namna ya kuungama. Alipofunguliwa mlango, akaikabidhi kwa salamu tu.

Dada alilitandaza gauni mapajani, akalipapasa polepole, kisha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka.

"Unapaona hapa mgongoni palivyoliwa? Ni wewe huyu. Mama akikubeba ulikuwa unasugua shavu hapa mpaka unalala, udenda unakutoka, mchafu wewe!" Akajifuta macho. "Nilikuwa na kinyongo na wewe, mdogo wangu, nisikufiche. Nilidhani mama kwako si kitu. Lakini umelirudisha salama. Yameisha."

Akamshika mkono, akauweka pale mgongoni pa gauni. Fundi alipajua vizuri mahali pale: alipasugua kwa msasa mwenyewe, huku akisikiliza redio.

"Unakumbuka?" dada akauliza.

"Nakumbuka, dada," akasema.