Salamu kwenye Mashine ya Bati

Siku kisu kilipoondoka na ukucha wa Djibril, kila mtu katika karakana ile ya Buyenzi alisema moyoni jambo lilelile: mzee amekwisha. Miaka thelathini na moja amekaa kwenye mashine ile ya kukata bati za majiko. Mguu unakanyaga pedali, kisu kinashuka, kinapanda, mkono unaingia kutoa kipande, unatoka, mguu unakanyaga tena. Mkono ukichelewa kidogo tu, unakutana na kisu.

Ilias, mtoto wa marehemu kaka yake, ndiye mwenye karakana sasa. Alimwita pembeni.

"Baba mudogo, mikono yako imechoka. Wiki ikianza, Lundi, utaanza kupaka majiko rangi."

"Apana. Mi niko mutu wa mashine. Nipe wiki mbili, kisha unipime mbele ya watu wote."

Ilias akakubali, kwa aibu zaidi kuliko kwa matumaini.

Nyumbani, binti yake Raïssa, anayesomea tiba ya viungo, alishika rula kwa juu, ncha ya chini ikining'inia katikati ya vidole vya baba yake bila kuvigusa. "Papa, nikiachia, kamata." Djibril akaikamata kwenye sentimita kumi na nane; namba ikiwa ndogo, mkono ni mwepesi. Wakarudia mara kumi, haikuvuka ishirini. Raïssa mwenyewe alipojaribu, akapata kumi na saba.

"Sasa mukono gani umechoka hapo?" Djibril akauliza.

"Ngoja kwanza. Leo Mama amepika nini?"

"Mboga ya lengale..." Rula ikaanguka chini.

"We mutoto! Umeniibia!"

"Sijakuibia, Papa. Mukono ni muzima. Kichwa ndicho kimeenda jikoni."

Hapo Djibril akakumbuka: asubuhi ile ya ukucha, kuna mtu alipita akatoa salamu, naye akaitikia huku akiendelea kukata.

Basi muione taabu yake. Karakana iko kando ya njia ya msikitini, na wapita njia wanasema "Asalaam aleikum" kutwa nzima. Kwanza alijaribu kunyamaza. Haikufika alasiri, mkewe akaambiwa sokoni kwamba Djibril siku hizi anajiona, hata Mzee Hamimu, muadhini wa msikiti, hakumjibu. Muislamu kuacha salamu ya mwenziwe ipotee hivyo! Kesho yake akaenda kwa Mzee Hamimu kuomba radhi, na akirudi alikuwa ameshaamua. Salamu haachi, na mashine haachi. Utakaojifunza upya ni mguu.

Kila jioni alikaa kwenye kigoda, mguu juu ya ndala ya zamani kana kwamba ni pedali, mkono ukienda na kurudi. Raïssa alimvizia mlangoni, dirishani, nyuma ya kanga zilizoanikwa: "Asalaam aleikum!" Mguu ulitakiwa uinuke kwanza, mkono urudi pajani, ndipo mdomo ufunguke. Siku ya kwanza mdomo ulishinda kila mara. Siku ya kumi mkewe alimsalimia akiwa anakula, na mguu ukaruka chini ya meza ukamwaga mchuzi. Mkewe alikasirika; Djibril alifurahi sana.

Siku ya kupimwa, Ilias akataka vipande mia. Kwenye cha sitini na kitu, Mzee Hamimu akapita, makusudi nadhani, na sauti yake ile ya kuadhini: "Asalaam aleikum!"

Mguu ukapanda. Mkono ukarudi pajani.

"Wa aleikum salaam warahmatullah, Mzee. Goti je?"

"Linanisumbua tu mvua ikinyesha."

"Litapona, inshallah." Mguu ukashuka.

"Baba mudogo," Ilias akasema, "unakawiza kazi!"

Mguu ukapanda tena. "Ndiyo, mwanangu. Nakawiza."

Karakana ikaangua kicheko. Djibril hakucheka, alikuwa anakata.

Vipande mia vikatimia bila kimoja kuharibika, na vidole vyote kumi mahali pake. Hakusimama, akaingiza bati nyingine. Ilias akafungua mdomo, akautazama ule mguu kwenye pedali, akafunga mdomo. Akangoja hadi mguu ulipopanda.

"Lundi fika saa moja," akasema. "Hapa hapa, kwenye mashine."