Nyasi za Bernadi

Kwa miaka kumi na tisa Notburga alifua vitambaa vya altare vya kigango chao kule Maguu, na hakuwahi kumruhusu mtu mwingine avishike. Alivifua kwa maji ya chemchemi, akavipiga pasi ya mkaa. Alipofiwa na mumewe Aidan, alifua. Alipofiwa na Tadea, binti yake wa pekee, alifua pia, ila tangu siku hiyo hakwenda tena kupokea Komunyo. Hakutaka kumdanganya padre kwamba amemsamehe Bernadi.

Bernadi alikuwa jirani, mwendesha bodaboda. Siku Tadea aliposhikwa na uchungu, ndiye aliyempakia kumpeleka hospitali, na kwenye kona ya pili pikipiki ikapinduka. Alikuwa amekunywa. Tadea alizikwa na mtoto wake tumboni, upande wa chini wa shamba la mama yake, kando ya Aidan. Bernadi alifungwa, akatoka, akarudi kijijini na mguu wa kushoto usiokunjika.

"Mimi nimemtumikia Mungu," Notburga alimwambia katekista Izidori siku moja. "Yule mlevi kamtumikia nani? Mbona yeye yu hai?"

Izidori alijikuna kidevu. "Mama Tadea, neema si ujira."

"Ni nini basi?"

"Ni zawadi."

"Zawadi yangu iko kaburini, mwalimu."



Mwaka huu Kwaresima ilimkuta bado hajapata wa kumlazia nyasi. Kwenye milima ya Wamatengo kazi hiyo ina wenyewe: mwanamume hufyeka nyasi kwa nyengo, aina ya mundu, na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mraba kwa mraba; mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo yanayokamata maji ya mvua. Hayo ndiyo ngolo. Juu ya matuta yake hupandwa maharage. Shemeji yake Vitalis, aliyekuwa akimlazia tangu Aidan afe, sasa alikuwa kitandani, amepooza upande mmoja. Bila ngolo Notburga angekosa chakula, na maji yangeshuka moja kwa moja hadi makaburini.

Jumapili baada ya misa Bernadi alifika uani kwake, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Nimeona nyasi bado. Naomba nikulazie."

"Ili nile maharage yako?"

"Maharage ni yako, mama. Mimi nyasi tu."

"Toka."

Notburga akazilaza mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa akizifunika nyasi, lakini hakuwahi kutazama kwa makini zinavyolazwa. Mistari inayoshuka mlima aliijaza vizuri, ile ya kukingama, inayozuia maji, akaibania, nyasi kiduchu kiduchu, maana mgongo ulikuwa ukiuma na nyasi zikipungua. Kunigunda, jirani wa bondeni, alisimama njiani na ndoo yake kichwani, akacheka.

"We Mama Tadea! Hizo ngolo, au umewachimbia panya makaburi?"

"Panya nao wanakufa," alijibu Notburga, akaendelea.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha adhuhuri. Alisimama mlangoni akaona tuta la juu kabisa likipasuka, shimo likamwagikia shimo la chini yake, nalo la chini yake, mpaka mteremko wote ukawa tope linalotembea. Lilipotulia, makaburi hayakuonekana. Msalaba wa Tadea ulikuwa umekwenda na maji.

Kulipokucha alishuka na jembe. Alimkuta Bernadi amekaa chini, mguu ameunyoosha mbele, anaufuta msalaba kwa shati lake. Alikuwa ameuokota kijitoni. Makaburi yote mawili alikwisha kuyaondolea tope.

"Shikamoo, mama."

"Sijakusamehe," alisema Notburga.

"Najua, mama."

"Na sina cha kukupa."

"Hilo nalo najua."

Alingoja Bernadi aombe kitu, chochote, apate kumnyima. Bernadi hakuomba. Aliusimika msalaba, akachukua nyengo, akapanda juu kufyeka nyasi mpya. Mguu wake ulichora mfereji kwenye matope nyuma yake. Mistari ya kukingama aliishindilia nene kama paja.

Notburga alisimama na jembe mkononi. Hakuwahi kupokea kitu ambacho hakukihangaikia kwanza, na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi. Chuki yake ilikuwa palepale. Haikupungua hata kidogo. Hata hivyo nyasi zilikuwa zikilazwa.

Akaanza kufunika. Mwanamume mbele, mwanamke nyuma, kama alivyofanya na Aidan. Jua lilipofika utosini, alielekeza jembe kwenye mstari mmoja.

"Hapo umebania," alisema Notburga. "Ongeza."

Bernadi akaongeza.

Jumapili alitandika vitambaa altareni kama kawaida. Watu walipoinuka kwenda kupokea Komunyo, yeye alibaki kwenye benchi, macho kwenye kucha zake zilizokuwa bado na udongo. Jumatatu Bernadi alikuja kumalizia safu ya mwisho, ile inayopakana na makaburi.

"Shikamoo, mama."

Notburga alikuwa ameinama. Hakuinua kichwa, na neno lilimtoka kwa taabu kama mtu anayetema damu.

"Marahaba."