Poda ya Kitovu

Dada yangu kazini wanamwita Bi Pasi. Ananyoosha mashuka ya wagonjwa kwenye kiwanda cha dobi, kasimama tangu asubuhi mpaka jua linapopoa, na meza yake ina ukingo wa bati unaomfikia sawasawa kwenye kitovu. Mimi ni mdogo wake. Shule niliachia darasa la tano, nikabaki nyumbani na mama. Dada alipojifungua, kazi yangu ikawa kumlea mtoto. Mtoto mwenyewe aliishi siku kumi na moja, homa ikamchukua kitovu kikiwa bado chekundu.

Dada alirudi kazini kama mtu aliyetoka safari fupi. Hakulia mbele yetu. Ila akiniita bafuni nimsugue mgongo, nilikuwa namwona anavyoliangalia tumbo lake, limelegea kama mfuko uliotolewa vitu.

Siku moja akaniambia, "Nataka kutoboa kitovu."

"Mama atakuua."

"Mama atakionea wapi? Nataka nikiinamisha kichwa hapa nione kitu kingine."

Sikuhitaji kumuuliza kingine badala ya kipi.

Tukaenda kwa msusi, chumba cha nyuma ya duka la viatu, mwenye kazi ya kusuka na kutoboa masikio. Dada akamuuliza kama vitovu anaviweza.

"Masikio nimetoboa mpaka nimeota sugu," msusi akasema. "Kitovu nacho ni sikio tu, ila lenyewe halisikilizi umbea."

Dada akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Ndiyo maana nilinyamaza, ingawa niliona sindano ikifutwa kwa spiriti na kulazwa tena mezani, juu ya nywele za watu. Msusi akabana ngozi, akapitisha, dada akaning'ang'ania mkono mpaka kucha zikaacha alama. Kikabaki kipini chenye jiwe la bluu, dogo kama punje ya mtama.

"Wiki sita kimepona, kama sikio," msusi akasema. "Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni. Usikichezee. Halafu hakikisha kinakauka. Kikibaki majimaji, kinaoza."

Mimi niliondoka na neno hilo moja, kukauka. Kitovu pekee nilichowahi kukitunza ni cha yule mtoto, na mama alinifundisha kwamba kinataka poda ili kikauke na kudondoka. Vitu vya mtoto vilipotolewa nyumbani, kopo la poda nililificha chini ya kitanda changu. Lilikuwa limejaa karibu lote.

Basi kila siku dada analala chali, anaangalia dari, mimi naosha na maji ya chumvi, nafuta, namgeuzia mgongo nafungua kopo, namnyunyizia. Hakuniuliza ni poda gani. Anafumba macho tu, anavuta pumzi ndefu. Nilidhani ni maumivu.

Poda ikalowana, ikagandamana kwenye tundu kama chokaa. Na kule kazini, kila akivuta shuka, ukingo wa meza unamgonga palepale. Wenzake wakaanza kumtania.

"Bi Pasi, siku hizi unapiga pasi kwa mbali, unaikimbia meza, imekutongoza?"

"Nimenenepa," aliwajibu.

Wiki ya tatu pakavimba, pakawa pa moto. Siku moja akaingia chooni kazini, akakichomoa kipini mwenyewe. Baada ya siku mbili tundu likaziba, nasi tukafurahi, tukajua limepona. Siku ya nne hakuweza kuinuka.

Mama alifunua shuka akaona. Nilisubiri matusi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kitovu tena." Akaenda kutafuta kanga ya kumfunika dada tumpeleke zahanati.

Nesi alipasua, usaha ukatoka mwingi. Dada aliuma kanga ya mama.

"Nani alikuwa anamsafisha?" nesi akauliza.

"Mimi."

"Ulikuwa unaweka nini?"

"Poda. Ili kikauke."

"Mwanangu, hicho ni kidonda. Poda inajazana ndani. Unaosha, unafuta taratibu kwa kitambaa safi, basi. Hiki si sikio, kingechukua miezi, pengine mwaka. Halafu kipini mkakitoa, mlango ukafungwa na uchafu ukabaki ndani. Mngekuja nacho hivyohivyo." Akawa anasokota bandeji ya kuingiza kwenye kidonda, na bila kutuangalia akaongeza, "Hata kitovu cha mtoto mchanga hatuweki poda. Kinaachwa kikauke chenyewe."

Mama akatazama sakafu. Mimi nikatazama viatu vya mama. Mpaka leo hatujaulizana habari ya kitovu cha mtoto.

Nyumbani dada akalala chali kama kawaida yake. Pale palipokuwa na jiwe la bluu sasa pana bandeji, na nesi alisema kovu litakuwa kubwa, asifikirie kutoboa tena.

"Kopo liko wapi?" dada akaniuliza, mama alipotoka nje.

"Kopo gani?"

"Usinifanye mjinga. Harufu niliijua siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Sasa ningeisikia wapi tena?"

Nikainama chini ya kitanda changu, nikalitoa. Lilikuwa limebaki nusu. Akalifungua, akaliweka puani, akakaa nalo hivyo mpaka nikasikia hatua za mama uani. Akalifunga, akalikaza kifuniko.

"Lirudishe ulipolitoa," akasema. "Ila usimpake mtu tena."