Upande wa Mzee Kasule

Nilitoka Tabora na cheti cha kidato cha nne na begi moja, nikaenda Nairobi kwa sababu rafiki alisema kuna kazi ya rangi. Baada ya miaka mitatu nikachoka kukaa mahali pamoja, nikaenda Doha. Huko tulipaka nguzo za chuma rangi nzito ambayo ikipata moto huvimba na kuikinga nguzo isilainike mapema. Kisha dada yangu Tatu, aliyekuwa akitunza wazee Stockholm, akaniandikia kwamba kuna kampuni inatafuta watu waliozoea rangi hiyo. Nilipanda ndege mbili, basi na treni ya chini ya ardhi, nikashuka Vårby gård nimevaa koti la kuazima. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na nilipanga kukaa mwaka mmoja. Nilikaa kumi na minne.

Siku ya kwanza nilikwenda Sundbyberg, ofisini. Mkuu wa kampuni, mtu mrefu aliyefika kwa baiskeli, alinipa kofia ngumu na kisu chembamba chenye urefu wa mkono.

"Kazi yetu ni kuziba matundu," alisema. "Ukiifanya vizuri, hakuna atakayejua uliwahi kuwepo."

Nilidhani anatania.

Matundu yenyewe yalikuwa kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, mbali na mji. Tulipelekwa huko kila mwaka, kituo kilipozimwa kwa matengenezo. Watu wakisikia nyuklia huwaza mionzi. Sisi tuliwaza nyaya. Kinu cha nyuklia hata kikizimwa hubaki na joto kali, kwa hiyo pampu za maji ya kukipoza hazitakiwi kusimama. Umeme wa pampu hizo hupita njia mbili, kila njia na chumba chake, na katikati yake pana ukuta wa zege. Chumba kimoja kikiungua, cha pili kibaki kinafanya kazi. Lakini hata ukuta huo una nyaya zinazoupenya, na penye waya pana tundu, na penye tundu moto hupita.

Tundu tulilijaza pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, tukaishindilia kwa vidole mpaka ikatae kuingia. Juu yake tukapaka gundi nyeupe inayokauka kama ganda la yai. Mtu mmoja alisimama upande huu, mwenzake upande ule, kila mmoja akijaza nusu yake. Wakimaliza, sheria iliwataka wabadilishane: mimi nizunguke nikague upande wako kwa kuubonyeza, wewe uje ukague wangu. Ndipo wote wawili wakaandika majina kwenye lebo moja na kuibandika ukutani. Mkaguzi wa kituo alikuja baadaye, akatazama ganda na kusoma lebo. Chini ya ganda hakuona. Chini ya ganda aliamini majina.

Mwenzangu alikuwa Mzee Kasule, Mganda aliyeishi uhamishoni Tanzania kabla ya kufika Sweden. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kisu kile. Wasweden humwita kila mtu kwa jina lake, hata mkurugenzi, na kwa kuwa mimi nilimwita Mzee, walidhani ndilo jina lake, nao wakamwita Mzee. Kwenye kabati lake la nguo waliandika MZEE, naye akaliacha.

"Wewe Mtanzania, Kiswahili yako ni ya redio," aliniambia wiki ya kwanza. "Yangu ni ya kambi ya wakimbizi. Lakini zote mbili zinaziba tundu."

Tulielewana kwa kugonga ukuta. Mara moja: niko tayari. Mara mbili: nimemaliza. Baada ya mbili zake, nilipaswa kuzunguka milango miwili mizito na kwenda kubonyeza kazi yake. Mwaka wa kwanza nilikwenda. Mwaka wa pili nilianza kuona haya. Nitamkaguaje mtu aliyenifundisha, mwenye umri wa baba yangu? Nikawa naandika jina langu na kumpa lebo mlangoni. Yeye pia hakuja kwangu. Niliona ananiamini, nikajivuna.

Mwaka wangu wa kumi na tatu, msimamizi wa zamu, mwanamke wa maneno machache, alinituma nifungue tundu tulilolifunga mwaka uliopita, maana kulikuwa na waya mpya wa kupitisha. Lilikuwa juu, karibu na dari, na nililifikia kwa upande wa Mzee. Siku hiyo yeye alikuwa mapumzikoni. Nilipanda ngazi, nikachoma kisu. Ganda likapasuka, na kisu kikaingia bila kugusa kitu mpaka kikafika nusu yangu, katikati ya ukuta. Kabla ya hapo hapakuwa na pamba. Alikuwa amepaka gundi juu ya kipande chembamba cha pamba ya mawe iliyogandamizwa kama ubao, kama kifuniko cha sufuria tupu. Nusu yangu ilikuwepo, lakini nusu peke yake haizuii moto kwa muda unaotakiwa.

Nililijaza mwenyewe. Kisha nikakaa kwenye ngazi. Lebo ilikuwa na majina mawili, yake na langu. Mzee alibakiza miezi minane kufikia pensheni. Nikisema, kadi yake ya kuingilia kituoni itachukuliwa, na pengine yangu pia. Nisiposema, sijui ni matundu mangapi mengine yana ganda tupu, na wiki ijayo kinu kitawashwa.

Jumamosi nilikwenda kwake Tumba. Mjukuu wake alinifungulia mlango, nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi. Mzee alinikaribisha chai.

"Umefungua wapi?" aliuliza kabla sijakaa sawasawa.

"Lile la juu. Upande wako."

"Ukakuta nini?"

"Hewa, Mzee."

Alikoroga chai yake, ingawa hakuwa ametia sukari. "Bega hili haliinuki tangu mwaka juzi. La chini najaza vizuri, unajua. La juu, mkono unakataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya kazi yangu na yako. Siku ya pili wangeuliza, huyu mzee wa nini?" Akanitazama. "Na wewe, mbona hukuja kubonyeza? Sheria ilisema uje."

"Nilikuheshimu."

"Najua. Heshima yako ndiyo nilipandia badala ya ngazi."

Nikamwambia Jumatatu nitasema.

"Hutasema," alijibu. "Nitasema mimi. Wewe utasimama kando yangu, kwa sababu jina lako liko pale."

Jumatatu alikuja na karatasi. Alikumbuka namba za matundu yote ya juu, kumi na saba, akampa msimamizi wa zamu. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Kinu hakiwashwi kabla haya hayajafunguliwa," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikagua lini?"

"Sikukagua."

"Basi umeandika uongo mara kumi na saba," alisema, bila kupandisha sauti.

Mzee alirudishwa Sundbyberg, akamalizia miezi yake ghalani akikata pamba ya mawe kwa vipimo, kazi isiyohitaji bega. Mimi nilizuiwa kutia saini kwa msimu mzima. Nilifungua matundu yale kumi na saba nikibandua lebo zetu moja moja, na nilipewa mwenzangu mpya, Jean-Claude kutoka Bukavu. Tisa yalikuwa matupu. Manane alikuwa ameyajaza, sijui kwa maumivu gani.

Mwaka uliofuata nikaaga. Magoti yalikuwa yamechoka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza tena kutazama ramani. Siku ya mwisho nilifunga tundu la usawa wa kifua, rahisi kabisa. Niligonga mara mbili. Nikasikia mlango wa kwanza, kisha wa pili, na Jean-Claude akatokea upande wangu. Akaweka kiganja juu ya kazi yangu, kisha akasita.

"Pardon, Kaka," alisema. "Wewe mkubwa wangu."

"Usiombe radhi," nikamwambia. "Bonyeza."

Akabonyeza kidogo.

"Kwa nguvu," nikasema, nikasubiri mpaka alipofanya hivyo. Ndipo nikazunguka kubonyeza upande wake, nikaandika jina langu, nikaenda langoni kurudisha kadi.